Kudhibiti visubi wa udongo na nzi weupe kwenye miche ya mboga inayooteshwa ndani ya nyumba

Mtu anayeotesha nyanya, hoho au kabichi ndani ya nyumba hapa Mwanza anaweza kupuliza dawa ya mbu chumbani kila jioni kwa wiki tatu mfululizo na bado akapoteza nusu ya miche yake. Wale wadudu weusi anaowaona wakipepea juu ya trei hufa kweli, lakini waharibifu ni watoto wao, mabuu waliojificha kwenye udongo sentimita 2 hadi 5 kutoka juu, mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki. Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu wa Nyamagana, Ilemela na mwambao wa Ziwa Victoria kwa jumla, ambao hutumia kibaraza, dirisha au chumba cha ziada kukuza miche kabla ya kuihamishia bustanini, na unaeleza namna ya kuwamaliza wadudu hao kuanzia kwenye udongo bila kuijaza nyumba sumu.

Kumtambua mdudu kabla ya kushika dawa

Sisi tunaoishi kando ya ziwa tuna tatizo ambalo wenzetu wa Dodoma au Iringa hawalijui. Wadudu wa ziwani, jamii za Chaoborus na Chironomidae, hutoka majini kwa mamilioni, na wale wa Chaoborus hutoka zaidi siku za mwezi mwandamo, wakaonekana kwa mbali kama moshi uliosimama juu ya maji, kisha upepo ukawaleta mjini, na asubuhi tukawakuta wamelundikana chini ya taa. Mabuu wao huishi ndani ya maji ya ziwa na hawawezi kuishi kwenye udongo wa trei, na wale wakubwa huishi siku chache tu bila kula mmea wowote. Hawa hawahitaji dawa. Zima taa ya chumba cha miche mapema, funga wavu dirishani, na asubuhi fagia kwa brashi laini mizoga iliyoangukia kwenye trei, kwa maana ikilala juu ya udongo wenye unyevu huota ukungu, na ukungu ni chakula cha yule mdudu tunayemtafuta.

Mdudu huyo ni kisubi wa udongo, wa jamii ya Sciaridae, na wanaosumbua miche zaidi ni wa jenasi ya Bradysia. Ana urefu wa milimita 2 hadi 4, rangi nyeusi au kijivu kilichokoza, miguu mirefu myembamba kama ya mbu, na ukimtazama kwa karibu utaona katika bawa lake mshipa uliogawanyika mfano wa herufi Y. Si hodari wa kuruka. Ukigonga ukingo wa trei kwa kidole, huinuka kidogo kwa kuyumbayumba, huzunguka, kisha hutua tena juu ya udongo na kukimbiakimbia, ilhali mdudu wa ziwani akishtuliwa huenda moja kwa moja ukutani, darini au kwenye taa. Jaribio hilo la kugonga trei huchukua nusu dakika, na kwa maoni yangu ndilo linalofaa kufanywa kabla ya jambo lingine lolote.

Wapo wengine wa kutenganishwa. Nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi mbivu na maganda ya nanasi ni nzi wa matunda, na dawa yao ni kuondoa matunda hayo na kufunika ndoo ya taka. Nzi wafupi wanene wenye madoa meupe kwenye mabawa hula mwani, yaani ule utando wa kijani juu ya udongo uliolowa, na madhara yao ni madogo, ingawa kuwapo kwao ni ushahidi kwamba unamwagilia kupita kiasi. Nzi weupe, ambao hukaa chini ya majani na kutimka kama vumbi la unga mche unapoguswa, ni hatari zaidi kuliko wote hao, na nimewatengea sehemu yao mbele.

Kwa nini muda ni jambo la kuzingatia

Jike la kisubi huweza kutaga hadi mayai 200 kwenye nyufa za udongo wenye unyevu na mboji. Mayai huanguliwa kwa siku 3 hadi 6, mabuu hula kwa takriban wiki mbili, hukaa katika hatua ya pupa siku 4 hadi 6, kisha mdudu mpevu hutoka na kuishi wiki moja hivi. Kwa joto la kawaida la chumba cha Mwanza, mzunguko wote hukamilika ndani ya wiki 3 hadi 4. Sasa linganisha na mche wa nyanya, ambao nao hukaa kwenye trei wiki 3 hadi 4. Mayai yaliyotagwa siku chache baada ya mbegu kuchipua hutoa mabuu wakati uleule ambapo mzizi wa mche ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na mche hauna akiba ya kuanzisha mwingine.

Mabuu hawa ni weupe wanaopitisha mwanga, wenye kichwa cheusi kinachong'aa. Chakula chao cha kawaida ni ukungu, mwani na mabaki ya mimea yanayooza, lakini wakizidi kwa wingi hugeukia vinyweleo vya mizizi na hata kuingia ndani ya shina laini. Pia huhamisha vimelea vya kinyausi (ugonjwa unaoozesha shina la mche kwenye usawa wa udongo), kama Pythium, kutoka tundu moja la trei hadi jingine, na ndiyo maana mara nyingi miche huanza kuanguka pembe moja kisha ugonjwa ukatambaa. Mtu huona mche umenyauka, hudhani una kiu, huongeza maji, na maji hayo huwapa mabuu makao mazuri zaidi. Mimi mwenyewe nilipoteza kwa njia hiyo trei nzima ya nyanya yenye matundu 200. Nilimwagilia asubuhi na jioni kwa huruma, na nilipong'oa mche wa mwisho nikakuta shina lake limebaki uzi mmoja kwenye usawa wa udongo, na mabuu watatu wamejikunja pembeni yake.

Kupima kwa kipande cha kiazi

Kabla ya kutumia gharama yoyote, hakikisha kwamba mabuu wapo na ujue wako wapi. Kata kiazi mviringo kibichi katika vipande vyenye unene wa sentimita 1, kikandamize kila kipande juu ya udongo ili upande uliokatwa ugusane nao vizuri, na weka vipande vinne au vitano katika sehemu tofauti za trei, mbali kidogo na mashina. Viache kwa saa 24 hadi 48, kisha vigeuze kwenye mwanga wa dirisha. Mabuu watakuwa wameganda upande wa chini, na vichwa vyao vyeusi utaviona hata bila miwani ya kukuzia. Andika idadi kwa kila pembe. Kipande chenye mabuu kitumbukize kwenye maji ya moto au kichome, usikitupe kwenye lundo la mboji. Ukiendelea kubadilisha vipande kila baada ya siku mbili, utakuwa pia unawapunguza, ingawa njia hii peke yake haiwezi kuwamaliza.

Maji, ambako kazi kubwa iko

Ningeombwa kuchagua hatua moja tu katika mwongozo huu mzima, ningechagua hii. Mabuu wa kisubi hawavumilii ukavu, na jike hapendi kutaga kwenye udongo ambao uso wake umekauka. Acha sentimita 1 hadi 2 za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena. Pima kwa kidole, au zoea kuinua trei kwa mikono miwili mara baada ya kumwagilia na tena siku inayofuata, mpaka mikono yenyewe ijue uzito wa trei iliyoshiba na ule wa trei inayohitaji maji. Miche midogo ya wiki ya kwanza isiachwe ikauke kabisa, kwa sababu mzizi wake bado uko juu, lakini kuanzia jani la kwanza la kweli, yaani lile linalofuata majani ya mbegu, linapojitokeza mche huweza kuvumilia uso mkavu bila shida.

Namna ya kumwagilia nayo ina uzito wake. Badala ya kumimina maji juu, weka trei ndani ya beseni lenye maji ya kina cha sentimita 2 hadi 3, subiri dakika 15 hadi 20 udongo unywe kupitia matundu ya chini, kisha inua trei na uiache ichuruzike mpaka iache kudondosha. Maji yaliyobaki kwenye sahani au beseni yamwagwe. Mzizi utayafuata maji chini, na uso utabaki mkavu. Makopo yasiyo na matundu chini, ambayo hutumiwa sana nyumbani kwa sababu yanapatikana bure, yatobolewe kwa msumari wa moto kabla ya kutumika. Kopo lisilo na tundu ni kisima.

Katika masika ya Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, hewa ya mjini hubeba unyevu na udongo hukawia kukauka. Wakati huo mwagilia asubuhi tu, tenganisha trei ili hewa ipite kati yake, na kama kuna feni iwashe kwa kasi ndogo saa chache za mchana. Upepo mdogo hukausha uso wa udongo, humsumbua kisubi asiyejua kuruka vizuri, na huimarisha shina la mche.

Udongo wa kuoteshea

Visubi wengi huingia nyumbani ndani ya mfuko wa udongo. Samadi isiyoiva, mboji iliyotengenezwa kwa magugu maji ambayo bado yana nyuzi na harufu, na udongo mweusi uliochotwa kwenye mfereji, vyote huja na mayai au hualika majike mara tu vinapolowa. Mboji iliyoiva haina harufu ya kuoza, haina joto ukiingiza mkono, na huwezi kutambua ilitokana na nini. Kama huna uhakika nayo, usiitumie kwenye trei, ipeleke bustanini.

Mchanganyiko unaonifaa ni sehemu mbili za vumbi la nazi, ambalo wauzaji huliita kokopiti, au udongo mwepesi wa msitu uliochekechwa, sehemu moja ya mboji iliyoiva, na sehemu moja ya mchanga mkubwa uliooshwa. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi bila kugeuka majivu, ambazo ni rahisi kuzipata kwetu kwenye mashine za kukobolea, zinaweza kuchukua nafasi ya mchanga, na huufanya udongo upitishe maji haraka. Pumba mbichi zisitumike, kwa kuwa huota ukungu.

Udongo huo uchemshwe kwa mvuke kabla ya kupanda. Chukua sufuria kubwa, weka maji kina cha vidole viwili, panga mawe madogo au wavu wa chuma juu ya maji, kisha weka udongo ulioloweshwa kidogo ndani ya kiroba safi cha pamba au kwenye sufuria ndogo iliyotobolewa, na uutie katikati yake kiazi kimoja kizima cha ukubwa wa yai. Funika vizuri, weka juu ya jiko la mkaa. Joto linalotakiwa ni nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi kwa dakika 30, na kwa asiye na kipimajoto kiazi ndicho kipimo: kikiiva mpaka kijiti kikapenya, epua. Usiendelee kuunguza udongo kwa kudhani utakuwa safi zaidi, kwa maana joto likizidi, udongo wenye mboji hutoa amonia na chumvi nyingine zinazodhuru mizizi. Uache upoe ukiwa umefunikwa, kisha uuhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko. Udongo uliochemshwa ukiachwa wazi jikoni kwa siku mbili, hasa ukiwa na unyevu, unaweza kutagiwa upya, na kazi yote ikawa bure.

Baada ya kusia mbegu, tandaza juu yake mchanga mkubwa mkavu wa unene wa nusu sentimita hadi sentimita 1. Mchanga hukauka upesi na humnyima jike mahali pa kutagia. Watu wengi hutumia majivu badala yake. Hukausha uso kwa muda, lakini yakilowa hugandamana na huongeza ualikali wa udongo, kwa hiyo siyapendekezi kwa miche. Majani ya chai yaliyotumika, ambayo tumezoea kuyamwaga kwenye vyungu vya maua, yakae mbali kabisa na chumba cha miche.

Mitego ya njano

Visubi na nzi weupe huvutwa na rangi ya njano. Madumu ya njano ya mafuta ya kula ya lita 20 yaliyopasuka yanafaa sana: osha dumu kwa maji ya moto na sabuni, kata vipande vya sentimita 10 kwa 15, paka gundi ya panya au, ukiikosa, tabaka jembamba la mafuta mazito ya kujipaka. Kwa visubi, laza kipande juu ya udongo au kisimamishe ukingo wake ukiwa karibu kugusa udongo, kwa kuwa hawapandi juu sana. Kwa nzi weupe, kining'inize sawa na ncha za miche. Trei moja hutosheka na mtego mmoja.

Mtego hupunguza majike, lakini faida yake kubwa ni hesabu. Hesabu wadudu kila baada ya siku tatu, futa au badilisha, na andika kwenye karatasi. Idadi ikishuka mfululizo kwa wiki tatu, unashinda. Ikishuka wiki moja kisha ikapanda, kizazi kipya kimetoka na kuna sehemu ya udongo ambayo bado imelowa. Siku ambazo wadudu wa ziwani wameingia mjini, toa mitego au usihesabu, kwa sababu itajaa wasiohusika kwa usiku mmoja.

Dawa ya mabuu, ikiwa hali imezidi

Kukausha udongo na kutega huweza kutosha ikiwa umewahi mapema. Kama vipande vya kiazi vinaendelea kuonyesha mabuu wengi, dawa ninayoipa nafasi ya kwanza ni bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, ambaye huua mabuu wa mbu na wa visubi wanapomla, na hudhuru viumbe vichache sana vingine. Kiwanda cha Kibaha mkoani Pwani, kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba, hutengeneza viuadudu vya aina hiyo kwa ajili ya mazalia ya mbu. Soma lebo kwa makini, kwa maana ile aina ya kurstaki, inayouzwa kwa ajili ya viwavi wa kabichi, haiwadhuru visubi. Bakteria huyo hagusi mayai wala pupa na hadumu kwenye udongo, hivyo umwagiliaji wa dawa hiyo kwenye udongo urudiwe kila baada ya siku 5 hadi 7 kwa wiki tatu.

Ukikosa hiyo, tumia mwarobaini, ambao miti yake imejaa mitaani kwetu. Twanga gramu 50 za kokwa kavu za mbegu zake, loweka katika lita 1 ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, na mwagilia udongo jioni, kwa kuwa jua hupunguza nguvu yake. Huzuia mabuu kujivua gamba na kukua, kwa hiyo usitarajie kuwaona wamekufa kesho yake. Jaribu kwanza kwenye miche mitano na usubiri siku mbili.

Dawa za shambani, hasa zile za pamba ambazo mikoa yetu hii inazo kwa wingi na ambazo hugawanywa kwenye chupa za maji bila lebo, zisiingie ndani ya nyumba kwa hali yoyote. Watoto hulala humo. Dawa yoyote ya dukani iwe na lebo inayosomeka na usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na mabaki yasimwagwe mferejini, kwa sababu mifereji ya mji huu huishia Mto Mirongo na mingine kama huo, na hatimaye ziwani, na dawa nyingi za jamii ya pareto bandia huua samaki hata kwa kiasi kidogo sana.

Miche iliyokwisha kuguswa

Mche ulioanguka na shina lake limekuwa jembamba na jeusi kwenye usawa wa udongo hauponi. Ung'oe pamoja na udongo wa tundu lake na la jirani, utie kwenye mfuko, uuondoe nyumbani. Mche uliodumaa lakini bado umesimama unaweza kuokolewa: uhamishie kwenye udongo uliochemshwa, uuzamishe kidogo kama ni wa nyanya ili utoe mizizi mipya shinani, uweke kivulini siku mbili, na usiupe mbolea mpaka uonyeshe jani jipya.

Nzi weupe

Hawa hawatoki kwenye udongo. Huingia kwa dirisha, au hubebwa na mche ulionunuliwa au kupewa, na wale wa Bemisia tabaci hueneza virusi vya kukunja majani ya nyanya, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta. Mche uliopata virusi hivyo ukiwa kwenye trei hautazaa cha maana, na hakuna dawa ya kuuponya, ndiyo maana kwa nzi weupe kinga huja kwanza. Weka wavu wenye matundu madogo kuliko wa mbu wa kawaida, au funika trei kwa kitambaa chepesi cha shela kilichoshikiliwa na fito. Mche mgeni utengwe wiki mbili katika chumba kingine. Kila asubuhi geuza majani machache ya chini. Watoto wao huonekana kama magamba madogo ya kijani kibichi iliyofifia, yaliyoshikamana na jani bila kusogea. Ukiwaona, kwangua sabuni ya mche, yeyusha takriban gramu 5 katika lita 1 ya maji ya vuguvugu, iache ipoe, na nyunyizia upande wa chini wa majani jioni mpaka yachuruzike, ukirudia kila baada ya siku 4 au 5. Sabuni ya unga ya kufulia huunguza majani, usiitumie.

Siku ya kuhamisha na usafi wa vyombo

Siku 7 kabla ya kuipeleka bustanini, toa miche nje saa mbili asubuhi kwa saa moja, ongeza muda kila siku, na punguza maji. Ukavu huo wa kukomaza miche huwakuta mabuu waliobaki na kuwamaliza wengi. Siku ya kupanda, ng'oa mche mmoja wa pembeni na mmoja wa katikati, tikisa udongo, tazama mizizi: ikiwa myeupe na yenye vinyweleo, trei nzima iende.

Trei tupu ziloweshwe dakika 30 katika sehemu moja ya jiki kwa sehemu tisa za maji, zisuguliwe pembe zote ambako udongo mkavu hung'ang'ania, zisuuzwe, kisha zianikwe kifudifudi juani kwenye jiwe au bati mpaka jioni. Udongo wa zamani usirudishwe kwenye ndoo ya udongo uliochemshwa. Umwage bustanini, mbali na dirisha la chumba cha miche.